Kilima cha Mifupa na Tope

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanasema, palikuwa na kilima kilichokuwa na wenyewe wawili. Wawili! Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tembo walipanda kila alfajiri, wakagusa kwa mikonga mifupa ya mabibi zao, kimya, bila hata kukohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yao. Nyati wao walikuja jioni, wakajipaka tope jekundu usoni na kumshukuru Mungu kwa sauti: "Mbuuu!"

Katikati yao, kwenye ufa wa jiwe, aliishi Pimbi na watoto wake watatu. Pimbi alikuwa mdadisi kupita kiasi. Kila siku alitoa pua nje na kuchungulia. Mbona hawa wananyamaza na wale wanapiga kelele? Alitamani kuuliza, ila aliogopa.

Siku moja nyati mmoja akaupiga teke mfupa, akidhani ni takataka. Tembo mmoja naye akaoga kwenye lile tope, akidhani ni tope tu. Weee!

"Kesho tunapigana hapa hapa!" akanguruma Mzee Nyati, mkuu wa nyati.

"Kwa nini kesho? Hata leo!" akajibu Bibi Tembo, mkuu wa tembo.

Pimbi akaitazama miguu yao, kisha akawatazama watoto wake. Wakipigana hapa, wanangu watakuwa unga! Akaruka juu ya jiwe.

"Shikamooni, wazee! Jamani, hamjaisikia sheria ya Baraza la Mataifa Yote ya Wanyama?"

"Sheria gani tena?"

"Ya ardhi inayogombaniwa. Kilima ni cha atakayetunza mahali pa ibada pa mwenzake siku saba bila kosa. Atakayepigana hana chake. Siku ya saba Korongo, mjumbe wa Baraza, anakuja kuamua."

Sheria hiyo Pimbi aliitunga papo hapo. Baraza lilikuwepo kweli, na Korongo pia, ila ilibidi Pimbi amtume Njiwa haraka kwenda kumwita.

Bibi Tembo akacheka kimoyomoyo. Nyati akae siku saba bila kuvunja kitu? Mzee Nyati naye akawaza kwamba Tembo atachoka kesho tu. Wakakubali, kila mmoja akimsubiri mwenzake akosee.

Jua likawaka, tope likaanza kukauka. Bibi Tembo akashuka mtoni, akarudi na maji mkongani, akalimwagia. Fyuuu! Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Mzee Nyati, hivi kwa nini mnajipaka usoni?"

"Tunakumbuka kuwa tumetoka udongoni. Na nyie, mbona kimya hivyo?"

"Tunawasikiliza waliotangulia."

"Eh! Na wanasikika?"

"Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana."

Pimbi alitega masikio yote mawili ufani mwake. Kumbe ndivyo!

Siku ya tano Fisi akanyemelea, akanyakua mfupa. Kukurukakara! Mzee Nyati akamtimua hadi bondeni, akarudi na mfupa mdomoni na kuuweka chini polepole.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mama yangu," akasema Bibi Tembo, na machozi yakamtoka.

Siku ya saba Korongo akatua, pwaa! Akafungua gome la mti lililoandikwa sheria. "Ardhi haitwaliwi kwa mabavu. Kila taifa liabudu bila bughudha. Basi."

"Na siku saba za kutunziana?" akauliza Bibi Tembo.

"Humu hazimo."

Macho yote kwa Pimbi. "Nimetunga mimi, bibi. Niliwaogopea wanangu."

"Umetudanganya!" Bibi Tembo akainua mguu juu ya ufa. Ndani watoto wakalia, "Kwii! Kwii!"

Mzee Nyati akajisogeza, akasimama mbele ya ufa. "Bibi Tembo, shusha mguu. Tukianza ugomvi leo, tope langu atalitilia maji nani?"

Mguu ukabaki hewani. Kisha ukashuka, pembeni.

"Kweli," akasema Bibi Tembo. "Na mama yangu atalindwa na nani?"

Korongo akachomoa unyoya mmoja bawani, akauchovya kwenye tope jekundu. "Pimbi, hebu rudia ule uongo wako, taratibu. Nauandika humu kwenye sheria."

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: anayetunza kitakatifu cha jirani yake hukosa sababu ya kumpiga.