Simbamangu Aliyetumwa Kumtafuta Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hamjaamka. Na ninyi mnaotafuna mahindi kule nyuma, midomo mnayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa twende.

Zamani, zile za kale hasa, wanyama wote walikaa kijiji kimoja kando ya mto. Simba alikaa, swala alikaa, ngiri alikaa. Msiniulize walikuwa wanakula nini. Mimi nasimulia nilivyosimuliwa.

Basi mwaka mmoja jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Wanyama wakachimba kisima, kwaru kwaru kwaru, wakapata tope. Wakachimba tena, kwaru kwaru kwaru, wakapata mawe.

Wakaanza kuulizana. Tukae tungoje mvua? Au tuhame?

Sasa wale wanyama walikuwa na desturi yao. Jambo kubwa kama hilo hawakuliamua wenyewe. Walimtafuta Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, wakamleta kijijini kwa ngoma. Wakaweka mbele yake kibuyu cha maji na fimbo ya safari. Akigusa maji, basi mvua inakuja, wanakaa. Akigusa fimbo, wanahama siku hiyohiyo.

Na wakihama, asiyeweza kutembea anabaki. Anawekewa maji kidogo, anaagwa, anaachwa. Hakuna aliyelaumiwa. Walisema, "Si sisi. Kakakuona kasema." Wakafuta machozi, wakaenda zao.

Shida ilikuwa moja. Kakakuona hakuonekana tena. Wakubwa hawakumwona, wazazi wao hawakumwona. Watu walisema amekwisha, wote wamekwisha, hakuna hata mmoja aliyebaki duniani.

Nyati, mzee wa kijiji, akasema, "Tumtume Simbamangu."

Simbamangu alikuwa mwindaji. Paka mrefu, masikio yenye ncha nyeusi, anayewinda peke yake na kurudi peke yake. Nyayo za panya juu ya jiwe aliziona. Lakini siku hiyo alisita, kwa sababu mama yake alikuwa amelala ndani, nyonga imevunjika. Aliteleza kisimani, ndi! Tangu siku hiyo hakusimama.

Mama akamwambia, "Nenda. Usinitazame hivyo, sijafa bado."

"Nikimpata, mama, halafu akagusa fimbo?"

"Mbembeleze aguse maji," mama akasema, akacheka. Simbamangu hakucheka.

Akafunga kibuyu chake cha maji shingoni, kamba kiunoni, akaenda. Akapita mashamba, akapita malisho, akafika pori ambalo halina njia. Akaita:

"Kakakuona weee!"

Pori likajibu: zii.

Akaenda tena. Miiba ikamchoma, chwa, chwa. Akafika nchi ya mawe matupu, ambako hata nzi hawapiti. Akaita:

"Kakakuona weee!"

Mawe yakajibu: zii.

Akachoka. Akajilaza kivulini. Akawaza, watu wamesema kweli, mnyama huyu amekwisha, mimi natafuta jina tu. Na moyoni, nitawaambia ukweli, kuna sehemu ilifurahi. Asipopatikana hakuna atakayegusa fimbo.

Lakini mwindaji ni mwindaji. Macho hayapumziki. Akaona kichuguu kimetobolewa. Hakikubomolewa kama anavyobomoa muhanga, ovyo ovyo. Kimetobolewa kwa adabu, tundu dogo, udongo mbichi. Pembeni, mstari mwembamba mchangani, kama mtu amepita akiburuta ufito.

Mkia.

Akafuata. Polepole. Tumbo chini. Kulipopambazuka akamwona, anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama bibi aliyetoka msibani. Kakakuona! Hai!

Simbamangu akaruka, pa!

Kakakuona akajiviringisha, kru! Likabaki duara la magamba. Simbamangu akakwaruza, kwaru kwaru, wapi! Akasukuma, akauma, jino likamuuma yeye. Mwishowe akakaa chini, akaona aibu.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Kutoka ndani ya duara ikaja sauti. "Marahaba. Ndivyo mnavyoamkia wakubwa siku hizi, kwa makucha?"

"Nisamehe, bibi. Nyumbani kuna kiangazi. Nimetumwa nikulete utuambie, tukae au tuhame."

Duara likacheka. Magamba yakalia, chaka chaka chaka. Kisha pua ndefu ikatokeza.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Babu yangu alibebwa hivyohivyo. Wakamweka ndani ya wavu, wakatembea naye juani, hakuna aliyemnywesha hata tone. Wakamfikisha, wakamwekea maji na fimbo. Akaenda kwenye maji. Watu wakapiga vigelegele, mvua, mvua! Unajua kwa nini aliyagusa maji?"

"Kwa nini, bibi?"

"Alikuwa na kiu."

Simbamangu akasogea karibu.

"Mwaka mwingine wakambeba mama yangu. Yule walimnywesha njiani. Alipofika akaigusa fimbo. Watu wakalia, wakahama, vikongwe wao wakawaacha. Unajua kwa nini aliigusa fimbo?"

"Kwa nini?"

"Sisimizi alikuwa anatembea juu yake. Mama yangu alikuwa na njaa." Bibi Kakakuona akafuta pua. "Hakuna aliyemrudisha mama kwao. Hakuna aliyemrudisha babu. Tuliisha hivyo, mmoja mmoja, mkitutafuta ili tuwasemee. Na sisi mvua hatuijui. Tunajua sisimizi."

Simbamangu alisikia yote. Lakini sikio moja lilikuwa limebaki nyuma, kwenye neno moja. Kiu. Huyu bibi nikimbeba bila kumnywesha, atagusa maji. Akigusa maji, tunakaa. Tukikaa, mama yangu haachwi.

Jicho likamwendea kibuyuni.

Bibi Kakakuona akamtazama. "Naona umeshajua namna ya kunitumia," akasema, akajiviringisha tena.

Msimcheke Simbamangu. Mwenye mama ndani amelala na nyonga iliyovunjika ndiye amcheke. Alichukua kamba, akafunga lile duara, akalitia mgongoni. Akarudi. Akapita nchi ya mawe. Jua kali. Kibuyu shingoni kikalia, chubwi, chubwi, chubwi. Mgongoni hakuna aliyeomba. Hata neno moja.

Akapita pori la miiba. Chubwi, chubwi. Mgongoni kimya.

Akafika kilimani, mahali ambapo kijiji kinaonekana. Akatazama chini. Akaona kisima, watu wamekizunguka, na hakuna anayechota. Akaona ndama wa nyati amelala, mama yake anamlamba ili asimame, na ndama hasimami. Akaona vumbi pale palipokuwa na malisho. Nyasi hakuna, hata jani.

Akaelewa. Wakikaa, watakufa wote, na mama yake pamoja nao. Atawaua kwa kibuyu cha maji, halafu atasema, si mimi, Kakakuona kasema.

Akamtua bibi chini. Akafungua kamba. Akafungua kibuyu.

"Kunywa, bibi."

Bibi Kakakuona akanywa, akanywa, akanywa. Alipomaliza akauliza, "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia mmekwisha."

"Na mama yako?"

Simbamangu akafunga kibuyu. Bibi akaunyosha mkono, akamgusa usoni, akageuka na kurudi porini kwa miguu yake ya nyuma. Polepole, na mkia nyuma.

Simbamangu akateremka kijijini. Watu wakamkimbilia. Ngiri, ambaye haachi kusema, akawa wa kwanza. "Yuko wapi? Umempata? Mbona huna kitu?"

"Nimeita," Simbamangu akasema. "Pori limenijibu zii. Kakakuona amekwisha."

Ndiyo, alisema uongo. Mnaonitazama hivyo, mkitoka hapa mkatafute neno bora, mniletee.

Ngiri akapiga kelele. "Sasa nani ataamua?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Mwisho Nyati akasema, "Kisima kimekufa. Macho tunayo. Tuhame."

Wakaitika wote, tuhame, tuhame. Hilo halikuwa gumu.

"Na wasioweza kutembea?" Simbamangu akauliza.

Hapo kila mmoja akaangalia miguu yake.

"Desturi ni kwamba..." Ngiri akaanza.

"Ngoja," Simbamangu akasema. Akaingia ndani, akambeba mama yake, akamweka katikati ya watu. "Haya. Anayesema mama huyu aachwe, asimwambie mtu mwingine. Amwambie mwenyewe. Yuko hapa, anasikia."

Mama mtu akainua uso. Akamtazama Ngiri. "Sema, baba. Mimi nilikutoa mwiba mguuni ulipokuwa mdogo, nakumbuka ulivyolia. Sema."

Ngiri akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akajificha nyuma ya punda milia.

Mama akamtazama punda milia. Punda milia akatazama mbinguni. Akamtazama simba, simba akakohoa. Vizazi na vizazi walikuwa wamelifanya jambo lile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka kwa mdomo wake. Siku hiyo lilitakiwa kutamkwa, na halikutamkika.

Nyati akasogea, gwa, gwa, gwa. Akapiga magoti mawili ya mbele chini.

"Mama," akasema, "panda."

Alipopiga magoti Nyati, punda milia naye akapiga. Twiga akainama. Ngiri akatoka mafichoni, akasema yeye atabeba vitoto viwili, hata vitatu, wasimwache. Vikongwe wakatolewa majumbani, wakapandishwa.

Wakaondoka. Siwadanganyi, mwendo ulikuwa mzito. Wako waliofia njiani kabla ya kuyafikia maji. Lakini walifia mikononi mwa watu wao, wakazikwa, wakaliliwa kwa majina.

Siku ya kwanza ya safari, Simbamangu alikuwa anatembea ubavuni mwa Nyati. Mama yake akainama kutoka juu, akamnong'oneza.

"Mwanangu. Kweli hukumpata?"

"Mama," Simbamangu akasema, "shika pembe vizuri, usianguke."

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo lake ni hili. Jambo unaloona aibu kulitamka kwa mdomo wako, usimtafute mwingine akutamkie. Liache.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia yake, nami naishukia hapo.