Foleni Nyuma ya Kiboko

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, Kiboko alikuwa mkuu wa bwawa. Kazi yake ilikuwa kulinda maji yawe safi. Naye aliyalinda kwa kuyalalia.

Mkuu alichaguliwa kwa foleni. Anayetaka ukuu husimama mbele, wanaomtaka hujipanga nyuma yake. Mwaka uliopita Kiboko alisimama mbele, na nyuma yake hakuwepo mtu. Wanyama walibaki majumbani wakichambua mboga. Kiboko alijitangaza mshindi, lakini roho ilimuuma.

Safari hii akatunga sheria: "Kupiga kura ni lazima! Asiyepiga kura hagusi maji!"

Basi wakaja wote. Wakajipanga kimya nyuma ya Kiboko, kuanzia bwawani hadi vichakani. Nyati alikuwa wa kwanza, na Kindi amekaa kichwani pake.

Mwisho kabisa akatokea Mama Kobe, kokoro, kokoro, watoto mgongoni, midomo imewakauka.

"Pita mbele, mama, una watoto," akasema Digidigi.

"Pita, dada," akasema Pundamilia.

Twiga akasogea, kivuli chake kikawafunika wale watoto.

Wakampisha, wakampisha, mpaka akafika mbele ya pua ya Kiboko.

"Haya, kura zimekwisha!" akasema Kiboko. Ngozi yake ilianza kupasuka kwa jua. Akanyanyua mguu aingie majini.

"Shikamoo, mzee," akasema Kindi. "Wewe umeshapiga kura?"

"Marahaba. Mimi ndiye ninayepigiwa!"

"Kwani sheria ni ya nani?"

Wanyama wote wakamtazama Kiboko.

"Ya wote!" akanguruma.

"Basi simama nyuma ya unayemtaka."

"Ninajitaka mwenyewe!"

"Vizuri. Simama nyuma yako."

Kiboko akageuka, pu! Akageuka tena, pu! pu! Kila akifika nyuma yake, mwenyewe ameshahama.

"Umekaribia, mzee," Kindi akamtia moyo.

Jua likazidi. Kiboko akahema, akatazama mbele. Alikuwepo Mama Kobe tu. Akajikokota, akasimama nyuma yake.

"Haya! Nimepiga!"

"Tumeona," akasema Kindi. "Nyuma ya Mama Kobe yupo Kiboko. Nyuma ya Kiboko tupo sisi sote."

Vikapigwa vigelegele: "Aririririii!"

"Jamani, mimi nilifuata maji," akasema Mama Kobe kwa haya. Halafu akatoa amri yake ya kwanza: "Watoto wote wanywe. Kisha Kiboko aingie, pale pembeni. Ngozi inamuuma, maskini."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayetunga sheria ya lazima, naye apange foleni.