Viatu vya Naomie na Kikwembe cha Mama

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Wahenga waliposema hivyo walikuwa wakimcheka mtu, na anayechekwa ni sisi sote. Kitu kipya hutuvuta hata kama kinatuumiza. Tutachechemea nacho, tutajikuna nacho, na bado tutakataa kukivua. Basi huko Kapata, kando ya mji wa Kolwezi, methali hii ilikuwa na adui mmoja mkubwa, na jina lake lilikuwa Mama Fidélie.

Mama Fidélie alikaa na mumewe, Tata Séraphin, na mabinti zao wawili katika mojawapo ya nyumba za kampuni ya madini zilizopangwa mistari kama wanafunzi asubuhi ya gwaride. Katika kuchagua mitumba hakuwa na mpinzani. Belo la nguo lilipofunguliwa sokoni kwa Mama Honorine, muuza mitumba, wenzake walipigana vikumbo, yeye akasimama pembeni mkono wake umeshatangulia ndani. Kwa vidole tu alitofautisha sufu na nailoni. Alivuta mshono, alinusa makwapa ya shati, aliinua kitambaa juani kutafuta palipoliwa. Hakuna mjamzito mtaani aliyenunua kitu kabla ya kupita kwake, naye alitoa hukumu bila kusita: chupa ya kunyonyea, mpya; godoro, jipya; nguo ya ndani, mpya. Sweta, koti, blanketi na viatu vilitoka kwenye mitumba, tena bila haya.

“Kitu ya mutumba imekwisha kupita mutihani,” alipenda kusema. “Ile ya duka iko bado darasani.”

Mwezi wa Juni uliingia na baridi yake ya asubuhi, na vumbi jekundu la malori ya madini likatanda juu ya kila kilichoanikwa. Ilikuwa zamu ya Naomie, kitindamimba wa miaka tisa, kupokea komunyo ya kwanza. Wiki tatu kabla ya sikukuu, Mama Fidélie aliingia nyumbani uso umemkunjuka kama mtu aliyeokota almasi njiani. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na viatu vyeupe vya ngozi halisi, laini kama sikio la mwanambuzi, vifungo vyake vizima. Mama Honorine alikuwa amemfichia yeye peke yake.

Naomie alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyofunzwa. Kisha akavigeuza, akatazama soli. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja.

“Mama,” alisema polepole, “kuko mutoto mwingine alishatembea mu hii.”

“Na alitembea muzuri! Njo maana imekuwa laini. Vala, utaona.”

“Siku ile tutapika magoti mbele ya altare. Batu bote nyuma banaona soli.”

Falonne, dada yake, aliyekuwa akisugua sufuria mlangoni, aliacha kusugua. Mabinti wote wawili walijua linalozungumzwa, na hakuna kati yao aliyetaka kulitaja.

Miaka mitatu nyuma, Falonne naye alipiga magoti mahali pale pale, amevaa viatu vya mitumba vilivyopakwa rangi nyeupe hadi vikadanganya macho. Mama Fidélie alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa soli. Na chini ya soli, kwa wino mweusi usiofutika, mtoto fulani wa Ulaya alikuwa ameandikiwa jina lake: LOTTE. Kanisa zima lilisoma. Tangu siku hiyo Falonne akawa Lotte shuleni, akawa Lotte bombani, na hata mwalimu wa katekisimu alimwita hivyo siku moja ulimi ulipomteleza. Mama Fidélie aliliona jambo hilo kuwa utani wa watoto, akalisahau. Hakujua kwamba Naomie, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alikuwa amelikunja na kuliweka moyoni.

“Robe, ile gauni nyeupe, iko ya Falonne, sawa,” Naomie alisema, na machozi yakamlengalenga. “Sweta ya mutumba, sawa. Ila viatu, mama. Mara moja tu. Nataka ikuwe mi njo wa kwanza.”

Maneno hayo yalimchoma Mama Fidélie. Miaka yote alikuwa ameinama juu ya mabelo, mgongo ukimuuma, ili watoto wake wavae vitu vya kudumu. Leo mtoto anageuza kiatu kama hakimu anayekagua ushahidi. Usiku kucha aligeukageuka kitandani kwa hasira. Kulipokucha alikuwa amepata dawa: atampeleka Naomie dukani, avione hivyo vipya kwa macho yake, avishike, kisha avikatae mwenyewe.

Jumamosi wakaenda mjini. Mwenye duka akawaletea kisanduku, akafunua karatasi nyembamba, na harufu kali ya gundi ikawapokea. Mama Fidélie alijaribu kukunja kiatu, kiatu kikakataa. Akaigonga soli kwa ukucha, ikalia ko, ko.

“Hii ni kiatu ao ni ubao?” aliuliza.

“Itazoea muguu, mama,” mwenye duka akacheka.

“Ni muguu njo utateseka kuizoea!” Akamgeukia bintiye. “Naomie, hii itakukata kisigino. Unasikia?”

Naomie hakusikia. Alikuwa ameingiza pua yote ndani ya kiatu cha pili, amefumba macho, anavuta ile harufu kama mtu aliyepita karibu na mkate wa moto.

“Inikate,” alijibu kutoka humo ndani.

Mama Fidélie alitaka kukaza kamba, lakini uso ule ulimshinda. Tena alijiambia kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Kidonda kitafundisha kile mdomo ulichoshindwa.

“Sawa. Ila ikikuumiza, usinililie.”

“Sitalia, mama.”

Wakaahidiana pale pale, mwenye duka akiwa shahidi.

Kila mtu anajua kwamba kiatu kigumu kina tiba yake: huvaliwa kidogo kidogo nyumbani hadi kilegee. Naomie aliikataa tiba hiyo. Vumbi la Kapata ni jekundu na lina kiherehere. Likishagusa kitu cheupe, halikiachi tena. Soli ingeshika wekundu kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo alifanya mazoezi juu ya kitanda. Kila jioni alivaa viatu vyake akatembea juu ya godoro, mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, akiyumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Tata Séraphin alicheka hadi akashika mbavu. Viatu havikulegea hata chembe.

Wiki hiyo hiyo akina mama wa parokia walipata sare yao ya sikukuu. Ilikuwa desturi yao kushona kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, na mwaka huo walichagua chenye maua ya manjano juu ya buluu, kikiwa na karatasi ya kiwandani imebandikwa pembeni. Mama Fidélie alinung’unika kwamba hicho ndicho kitu pekee asichoweza kukitafuta kwenye belo. Fundi wa cherehani alimshauri akiloweke kwanza, maana wanga wake ulikuwa mkali na ungemwasha shingoni, ingawa mng’ao wa upya ungepungua kidogo.

“Haina wakati wa kukausha,” Mama Fidélie alijibu haraka mno.

Kulikuwa na siku kumi, na jua la kukausha hata godoro. Lakini fundi alikuwa mtu wa adabu, akashika mkasi wake akakata.

Siku ya sikukuu ikafika. Naomie alitoka mlangoni mabegani mwa babake, akapandishwa kwenye pikipiki miguu imeinuliwa mbele kama mtu anayevuka mto, na walipofika kanisani akabebwa tena hadi juu ya sakafu ya saruji. Watu walimcheka sana. Yeye aliwapungia mkono. Nyuma, kwa pikipiki nyingine, walikuja Mama Fidélie na Falonne, na begani mwa mama kulikuwa na mfuko. Ndani yake alikuwa ametia vile viatu laini vya mitumba, kwani ushindi alikuwa na hakika nao. Chini ya viatu, kwa sababu ambayo hakumweleza mtu, alikuwa ametia pia blauzi yake moja kuukuu ya pamba.

Wakati wa komunyo ukawadia. Watoto kumi na wawili walisogea mbele, wakapiga magoti mstari mmoja kwenye ngazi ya altare, na soli ishirini na nne zikalitazama kanisa. Nyingine zilikuwa za kijivu, nyingine zina kiraka, moja ilikuwa na msumari unaochungulia. Katikati yake zilikaa soli za Naomie, nyeupe kama unga wa mahindi uliotoka kinuni, na kwenye ile ya kushoto kibandiko cha dukani kilikuwa bado kimeng’ang’ania. Alikuwa amekataa katakata kibanduliwe.

Falonne aliinamia sikio la mama yake.

“Mama, ona. Haina jina. Kuko tu trente-trois, namba ya kiatu.”

Aliyasema kwa furaha tupu, bila kinyongo, na ndiyo maana yalimpata Mama Fidélie penye moyo. Kwa mara ya kwanza aliona kile kilichoonekana siku ile nyingine: mtoto wake amepiga magoti mbele ya Mungu, na jina la mtu mwingine limeandikwa chini ya miguu yake. Machozi yakamtoka. Akaukamata mkono wa Falonne.

“Unisamehe, mwanangu. Kwa ile mambo ya Lotte.”

“Aa, mama,” Falonne akanong’ona, akizuia kicheko. “Lotte alishakusamehe.”

Baada ya misa uwanja ulifurika. Ngoma zilipigwa, sahani za bukari, ugali wa kwao, na kuku zikazunguka, simu zikapiga picha bila kupumzika. Watoto wa komunyo waliwekwa katikati wacheze. Naomie alicheza kuliko wote, vumbi jekundu likaruka hadi magotini, wala hakujali tena. Soli zilikuwa zimeshamaliza kazi yake. Lakini jicho la mzazi halilali. Mama Fidélie aliona kwamba mtoto anatua na mguu mmoja, wa pili anauibia.

Akamvuta kando, akamkalisha kwenye benchi, akamvua kiatu. Soksi ilikuwa na doa jekundu, na juu ya kisigino kulikuwa na kidonda kikubwa kama punje ya mahindi.

“Niliyasema!” Mama Fidélie alitangaza, na sauti ya ushindi ilimponyoka. “Si niliyasema pale duka? Inakuuma?”

“Inauma sana, mama,” Naomie alikiri. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, yanacheka.

Mama Fidélie alifungua mfuko, akatoa viatu vya mitumba, akaviweka mbele ya mtoto kwa madaha ya mchezaji anayetupa karata ya mwisho.

Naomie alivitazama kwa heshima. Akasema:

“Merci, mama. Iko mizuri kabisa. Nitaivala kesho.”

Akachukua kiatu chake kigumu, akaanza kukivaa tena juu ya kidonda, meno ameyauma. Mama Fidélie alipandwa na mori. Alifungua kinywa amkaripie, amweleze ujinga wa kujitesa kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijafanya mtihani, na ili apate nguvu ya kusema akaingiza vidole kwenye kola, akajikuna shingo.

Naomie akasita, akainuka kidogo, akachungulia.

“Na weye, mama? Shingo yako iko nyekundu vile juu ya nini?”

Mama Fidélie aliushusha mkono upesi. Alikuwa amechelewa. Alikuwa akijikuna tangu alfajiri, kwenye pikipiki, wakati wa Injili, hata wakati wa kutakiana amani, na mstari mwekundu ulikuwa umemzunguka kama mkufu. Naomie alitupa macho ndani ya mfuko uliokuwa wazi, akaona kona ya blauzi ya pamba, akaivuta.

“Mama. Unaona hii? Iko laini. Imekwisha kupita mutihani.”

Mama Fidélie aliitazama blauzi. Akakitazama kikwembe chake cha buluu na manjano, kilichosimama wima mwilini kwa ukali wa wanga, karatasi ya kiwandani bado iko kwenye pindo ambapo alimwambia fundi asiitoe. Kicheko kilianzia tumboni, kikampanda, kikamshinda. Alicheka hadi akaketi benchini, naye Naomie akamwangukia mapajani, wakacheka wote wawili hadi Mama Honorine akaja mbio kuuliza kuna msiba gani.

“Shika huu mufuko, mama Honorine,” alisema Mama Fidélie akijifuta macho. “Muko bitu bizuri sana. Tutabivala kesho.”

Kisha akamfunga bintiye kitambaa kwenye kisigino, akamkazia kifungo cha kiatu, akamshika mkono. Wakarudi uwanjani mama na mwana, mmoja akichechemea, mwingine akijikuna, na katika umati wote ule hapakuwa na waliocheza kwa furaha zaidi yao. Hata adui wa methali alikuwa ameshuhudia kwa shingo yake mwenyewe: kipya kinyemi, kingawa kidonda.