Chewa Alipojitolea Kuwa Mlinzi wa Mlango

Njaa iliingia katika bahari ndogo iliyozungukwa na nchi kavu, bahari yenye mlango mmoja tu mwembamba wa kutokea bahari kuu. Chewa, ambaye hata akishiba huwa na njaa, akaitisha mkutano.

"Mwizi wetu ni mkondo," alisema. "Kila siku unabeba chakula chetu nje. Nitakaa mlangoni nikizuie."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kaa, na kwa magando yake hayo alisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Chewa akajipachika mlangoni kama kizibo. Maji yakasimama. Masalia na mwani mfu vikalundikana chini, vikaoza, vikatoa hewa ya ukaa, na kwa kuwa ukaa haukuwa na pa kutokea, maji yakawa machachu. Kaa alikuwa ndiyo kwanza amejivua gamba. Katika maji yale machachu, jipya likakataa kuwa gumu. Alikuwa laini kama chapati, na kila mwenye meno alianza kumsalimia kwa upole usio wa kawaida.

Akaenda mlangoni. "Mzee Chewa, sogea kidogo maji yapite."

"Mlinzi hasogei."

"Na huo mkia wa dagaa mdomoni?"

"Mtoro huyo. Nimemweka mahabusu."

"Mahabusu yenyewe iko wapi?"

"Si unaiona inavyonenepa?"

Kaa akamkimbilia Pweza, mjanja wa mapangoni. "Dada, nitaliwa kabla ya Ijumaa."

"Usimsukume yule, shemeji," Pweza alisema. "Mlishe."

Basi wakazi wote wa bahari wakazoa ule uozo wa chini, wakampelekea Chewa.

"Mbona kinanuka?"

"Chakula cha wakubwa, mzee," Pweza alimjibu. "Kimevundikwa."

Chewa akala chote, akaomba na cha kufungashiwa. Uozo ukaendelea na kazi yake tumboni. Tumbo likajaa hewa, likavimba, Chewa akachomoka mlangoni na kuanza kuelea.

"Nani ananivuta?"

"Hakuna, mzee. Unapanda cheo."

Maji mapya yakaingia kwa juu. Machachu yakatoka kwa chini, yakaenda na ukaa wake kwenye vilindi vya bahari kuu. Gamba la Kaa likawa gumu, na wale wapole wakaacha kumsalimia. Chewa akabaki juu, tumbo juani, ndege wakipumzikia hapo.

Mpaka leo mlango ule hauna mlinzi. Anayejitolea huulizwa kwanza amekula lini.