Mwinchande na Kombora Lisilotoboa

Hapo zamani, enzi ambazo mizinga ilikuwa bado ikilishwa mawe, aliishi katika mji wa Ungami mchonga mawe mmoja jina lake Mwinchande. Kazi yake ilikuwa kuchonga makombora ya mizinga ya Sultani. Alikata jiwe machimboni, akaliviringisha kwa patasi siku tatu nzima, kisha akalipitisha katika pete ya mbao iliyokuwa na upana wa mdomo wa mzinga. Likikwama alilipunguza, na likipita kwa ulegevu alilitupa, maana jiwe lenye nafasi pembeni huivujisha nguvu ya baruti na kuanguka karibu. Hakuwako aliyeijua kazi hii kumshinda, wala hakuwako aliyekuwa maskini kumshinda. Ujira wake ulikuwa vibaba viwili vya mtama kwa kila kombora, na mkewe, Bi Mize, alikwisha kuzoea kupika uji mwepesi hata mtu akiinamia bakuli aliiona sura yake.

Watu wa Ungami walimwita mjinga, kwa sababu aliyachukua maneno kama yalivyotamkwa. Siku moja akida wa soko alimfokea auondoe mkokoteni wake mbele ya macho yake. Mwinchande akauzungusha, akauweka nyuma ya mgongo wa akida. Akida alipogeuka, Mwinchande akausukuma tena hadi upande wa pili, na ikawa hivyo mara nne, mpaka akida mwenyewe akaondoka sokoni. Watu walicheka sana, ingawa wengine walirudi nyumbani wakijiuliza ni yupi kati ya wawili wale aliyekuwa mjinga.

Basi ikawa mwaka mmoja alitokea haramia aitwaye Rustamu, mwenye merikebu kubwa ya milingoti miwili, akakaa mbele ya mlango wa bandari. Kila chombo kilichokuja na mchele alikipokonya. Sultani Badrudini, mtawala wa Ungami, alikuwa mtu wa hasira za haraka na kicheko cha haraka, akaamuru mizinga ya ngome ipigwe. Makombora yakaruka vizuri, yakaugonga ubavu wa merikebu ile, lakini ubavu ulikuwa wa mbao nene za msaji, na mawe yakapasuka kama vigae. Kutoka ngomeni watu waliwasikia maharamia wakishangilia.

Wiki iliyofuata Rustamu alikamata chombo kilichokuwa kikirudi na watu thelathini wa Ungami waliokwenda harusini ng'ambo. Miongoni mwao alikuwamo Mwana Esha, dada yake Sultani, na alikuwamo Pandu, kaka yake Bi Mize, ambaye alikwenda kupiga zumari. Haramia akawafungia wote chini kabisa, tumboni mwa merikebu, akatuma salamu kwamba Sultani asipompa funguo za forodha kabla ya mwezi kuandama, atawachukua mateka wake mbali na kuwauza.

Sultani akaita baraza. Waziri wake, Zahrani, akatoa shauri kwamba watu wa mji wa jirani walikuwa na makombora ya chuma, na chuma hakipasuki. Sultani akamwuliza chuma hicho kikishautoboa ubavu wa merikebu, maji yataingia wapi, na ni nani aliyelala huko maji yatakakoingia. Na kwa kuwa waziri hakupenda hasira ya Sultani ikae juu yake muda mrefu, akasema kwamba kosa lote lilikuwa la mchonga mawe, ambaye lau mawe yake yangalikuwa imara, haramia angalikwisha kukimbia siku ile ya kwanza.

Ndipo Mwinchande akaletwa, mikono yake ikiwa bado myeupe kwa vumbi la mawe.

"Mawe yako yamenifedhehesha," Sultani akasema. "Nimeambiwa maharamia wanaviokota vipande vyake na kusugulia visigino."

Mwinchande akainama. "Maulana, niliamriwa nichonge mawe yawe mviringo, nayo yalikuwa mviringo mpaka yalipofika. Sikuamriwa niyachonge yawe chuma."

Wazee wa baraza wakaangalia chini ili Sultani asione wanavyotabasamu. Sultani akapandwa na hasira.

"Kwa kuwa wewe ni mtu wa kufuata maneno," akasema, "basi yasikilize haya vizuri. Ndani ya siku saba niletee kombora moja. Litoke katika mzinga wangu, liende baharini, liishike merikebu ya Rustamu isiweze kwenda popote. Lakini lisitoboe ubao wake hata mmoja, wala lisimguse dada yangu wala mateka yeyote. Ukishindwa, nitakutia wewe mwenyewe katika mzinga, tuone kama nawe utapasuka."

Mwinchande akauliza kama ataruhusiwa kuchukua vitu ambavyo kazi itavihitaji. Sultani akajibu kwamba chochote kilichomo katika mji wake na akichukue. Waziri Zahrani akacheka kimoyomoyo, kwani hakuona kitu katika mji ule ambacho kingeweza kumsaidia mtu aliyepewa amri kama hiyo.

Mwinchande alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe. Bi Mize, aliyekuwa akimlilia kaka yake tangu Ijumaa, sasa alikuwa na watu wawili wa kuwalilia. Akamwuliza, "Liishike kwa kitu gani, bwana? Kombora lina mikono?" Siku mbili Mwinchande alikaa mbele ya rundo la mawe yake bila kugusa patasi, na chakula kikampita. Mbele za watu alikuwa na majibu mengi, lakini pale kibarazani kwake aliogopa kama mtu mwingine yeyote, na zaidi ya mzinga aliuogopa uso wa Bi Mize iwapo Pandu hatarudi.

Siku ya tatu akaondoka asubuhi, akazunguka mjini akilirudia neno moja la Sultani: liishike. Akajiuliza ni kitu gani katika mji wa Ungami kinachojua kushika. Miguu ikampeleka gerezani. Huko wafungwa walikuwa wakifungwa wawiliwawili kwa mnyororo mmoja, mguu wa huyu kwa mguu wa yule, nao walikuwa wakiteka maji. Wawili kati yao walikuwa wamegombana asubuhi ile na kila mmoja alikuwa akiharakisha kivyake. Walipofika kwenye nguzo ya kibanda cha mlinzi, mmoja akapita kulia, mwenziwe akapita kushoto. Mnyororo ukaikumba nguzo katikati, ukaing'oa, na kibanda kikamwangukia mlinzi na kahawa yake.

Mwinchande akasimama akiangalia. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu atoke barazani, akaingia ndani kumtafuta bwana jela, akamwambia anauhitaji mnyororo ule. Bwana jela akasema wafungwa watatoroka. Mwinchande akamjibu kwamba Sultani amesema achukue chochote kilichomo mjini, na hakusema kitu hicho kisiwe mguuni mwa mtu. Bwana jela hakuthubutu kubishana na neno la Sultani. Wale wafungwa wawili, walipofunguliwa, hawakutoroka. Walimfuata Mwinchande hadi kwa mhunzi, kwa hamu ya kujua mnyororo wao unakwenda kufanya nini, na huko wakapewa mivukuto ya kupulizia moto.

Mhunzi, Hamdani, alikuwa mzee wa maneno machache. Alisikiliza, akakuna ndevu, akasema chuma alichonacho hakitoshi hata jembe. Basi Mwinchande akaenda nyumbani kwa Waziri Zahrani, ambako palikuwa na mlango mkubwa uliopambwa njumu na mapapi ya chuma toka juu hadi chini, akaung'oa wote na kuondoka nao. Waziri akaenda kushtaki kwa Sultani. Sultani akauliza kama nyumba ya waziri haimo katika mji wa Ungami, na waziri akarudi kukaa katika nyumba isiyo na mlango.

Mhunzi akakiyeyusha kile chuma, akakifua kuwa matufe mawili, na Mwinchande akayapima kwa pete yake, moja baada ya moja, kwa subira ileile aliyoyapimia mawe. Kisha wakayaunga kwa mnyororo wa gereza. Siku ya tano wakalijaribu kombora lile katika shamba la minazi nje ya mji, nalo likawaaibisha. Walikuwa wameusokomeza mnyororo kwanza, karibu na baruti, na kuyatia matufe mbele yake, kwa hiyo mnyororo ukakatika palepale mdomoni mwa mzinga. Tufe moja likaenda machakani, la pili likaangukia banda la kuku. Watazamaji wakatawanyika, na habari zikamfikia waziri, ambaye usiku wake bila mlango ulikuwa mbaya, naye akafurahi.

Mhunzi akaufupisha mnyororo, akazifanya pete zake nene mara mbili, na siku ya sita wakajaribu tena, safari hii mnyororo ukikunjwa kati ya tufe na tufe. Kombora likatoka likiunguruma kama nyuki waliochokozwa, likafunguka angani, matufe yakizungukana na mnyororo umenyooka kati yake, likapita katika minazi mitatu, na minazi mitatu ikalala chini. Wale wafungwa wakakumbatiana, wakasahau kwamba walikuwa wamegombana.

Lakini Mwinchande aliona jambo jingine. Kitu kile kilipepesuka kama mlevi, na kikishapita hatua mia mbili hakikuwa na nguvu wala shabaha. Merikebu ya Rustamu ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Wakaliokota kombora lao mchangani, wakalisafisha, wakalirudisha mjini.

Siku ya saba mji wote ulipanda ngomeni. Sultani alikaa chini ya mwavuli, waziri kando yake. Mkuu wa mizinga alikuwa mzee aliyekuwa kiziwi kwa kazi yake, hivyo Mwinchande alimweleza shauri lake kwa vidole: ayapige kwanza mawe ya zamani, kwa nusu ya baruti. Jiwe la kwanza likaanguka mbali na merikebu. La pili likaanguka karibu zaidi na ngome kuliko la kwanza, na la tatu likaingia majini chini ya ukuta, likawarushia maji watu wa safu ya mbele. Waziri akamwinamia Sultani, akasema mjinga ameishiwa. Sultani akaanza kuuma midomo.

Huko baharini Rustamu aliona Ungami imebakiwa na baruti ya fataki. Akatweka tanga, akaja taratibu kuwacheka watu wa ngome machoni mwao. Alikuja hadi wakamtambua kwa kilemba chake, akiwa amesimama omoni, mbele kabisa ya merikebu, akawauliza kwa sauti kama wanataka awaazime kombora.

Mwinchande alikuwa akihesabu hatua kwa midomo. Alipoinua mkono, mkuu wa mizinga akawasha.

Kombora likaenda likiunguruma, likapita juu ya kichwa cha Rustamu, likaukumba mlingoti wa mbele, na mlingoti ukakatika kama muwa. Ulipoanguka ulizivuta kamba, kamba zikauvuta mlingoti wa pili, nao ukainama, ukalia, ukavunjika. Matanga yote yakashuka yakawafunika maharamia. Merikebu ikabaki kama bata aliyelala, ikachukuliwa na maji yaliyokuwa yakipwa, ikakaa juu ya fungu la mchanga mbele ya macho ya mji mzima. Askari wakaenda kwa mashua, wakawapokea maharamia mmoja mmoja walivyokuwa wakichomoza chini ya tanga, na Rustamu alitoka wa mwisho, bila kilemba.

Mateka wote thelathini wakatolewa wazima. Mwana Esha alipanda ngazi za ngome akiuliza ni nani aliyewaangushia mti juu ya dari. Pandu alikuwa amekonda, lakini zumari lake alikuwa nalo, na Bi Mize alimshika mkono asiuachilie.

Jioni baraza likakaa. Waziri Zahrani akasimama kabla mtu mwingine hajasema. Akasema kwamba amri ya Sultani haikutimizwa. Sultani aliagiza ubao usitobolewe, na milingoti miwili imevunjika. Tena Sultani aliagiza kombora moja, na watu wote wameona matufe mawili.

Sultani akamgeukia Mwinchande, uso wake haujulikani kama wa hasira au wa mchezo. "Una la kusema?"

"Maulana, ubao ni mti uliopasuliwa kwa msumeno. Mlingoti ni mti mzima, haujapasuliwa. Ubao wa merikebu ile hauna tundu, na tumbo lake ni kavu. Mwana Esha ni shahidi."

"Na makombora mawili?"

"Ni moja, Maulana. Vitu viwili vilivyofungwa mnyororo mmoja, serikali yako huvihesabu kuwa kimoja. Kama si hivyo, wafungwa wawili wa mnyororo mmoja wasingepewa sahani moja ya chakula."

Sultani akamwita bwana jela, akamwuliza kama maneno yale ni kweli. Bwana jela akasema ni kweli, kwani ndivyo alivyopokea desturi. Sultani akamtazama Mwinchande, kisha akawatazama wale wafungwa wawili waliosimama mlangoni na masizi ya mhunzi usoni. Alikuwa amekuja kumhukumu mchonga mawe, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa.

Halafu akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, hata kilemba kikamlegea, na alipokwisha alijifuta machozi na kuamuru kwamba tangu siku ile kila mfungwa awe na sahani yake. Wale wawili akawaachilia waende makwao. Naye waziri akaambiwa aketi.

"Nawe, Mwinchande," akasema, "tangu leo wewe ni msimamizi wa ghala la silaha, na chakula chako kitatoka jikoni kwangu. Omba na jambo moja la ziada."

Mwinchande akafikiri. Akasema kwamba hana la kuomba, ila mkewe amealika jirani wote kwa ajili ya kaka yake, na chungu cha nyumbani ni kidogo. Basi Sultani akaagiza masufuria manne ya jikoni kwake yabebwe yakiwa yamejaa wali na nyama ya mbuzi, na akayafuata kwa miguu yeye mwenyewe. Walikula kibarazani kwa mchonga mawe, kila mtu na sahani yake, Pandu akipuliza zumari, na Bi Mize alimpakulia Sultani mara tatu bila kuulizwa. Mimi nimeieleza kama nilivyoipokea, na aliyenipa mimi alikula huko.