Kitovu cha Wavu wa Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na vyungu, na maringo kushinda hata watu ninaowajua mimi, palikuwa na kijiji chenye jiko moja. Moja tu! Sogeeni karibu. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna kola ya shati. Na msiniulize sungura yuko wapi. Sungura hakuwepo. Kila hadithi yeye, yeye, yeye! Leo apumzike.

Jiko hilo lilifinyangwa na mchwa kwa udongo wao. Lilikuwa kubwa, limesimama kama yai, na kifuniko juu. Mdomo wake ulikuwa mpana, lakini kadiri lilivyoshuka ndani ndivyo lilivyozidi kuwa jembamba, na karibu na kitako palikuwa na ukingo. Juu ya ukingo huo ulikaa wavu, yaani bamba la chuma la duara lenye matundu. Mkaa ulikaa juu ya wavu, majivu yakadondoka chini, na hewa ikaingia kwa kimlango cha kitakoni ikapanda kupitia matundu. Ukishafunika kifuniko, viazi vitamu viliiva mpaka moyoni.

Sasa sikieni ujinga. Wakubwa wa kijiji kile walikuwa na desturi yao: mnyama mkubwa hainami. Kuinama ni kazi ya wadogo. Kitu kikianguka, ataitwa mdogo akiokote. Majivu yakijaa, ataitwa mdogo ayazoe. Hata maji ya kunywa waliinuliwa kwa kata mpaka mdomoni! Kwa hiyo walilitumia jiko lile miaka na miaka bila kujua ndani yake mna nini. Walichojua ni viazi.

Siku moja Bwana Nyati alikula akashiba. Badala ya kufunga kile kimlango ili moto ufe taratibu, akaona uvivu. Akachukua ndoo nzima ya maji baridi akaimwaga jikoni.

Pwaaa! Wavu wa moto ukapasuka vipande vipande, ukaangukia majivuni.

Bwana Kiboko akaja mbio, tumbo likitangulia. "Nani kavunja jiko?"

"Wadogo," akasema Nyati. Na ndoo bado kaishika! "Wanaparamia paramia mno hawa."

"Nilijua!" akasema Kiboko. Hakujua lolote, lakini ndivyo alivyozoea kusema.

Wakaita baraza. Kiboko akakohoa, akavimbisha shingo, akatangaza: "Kila mtu alete wavu wake. Wavu utakaobeba moto mpaka viazi viive, mwenye wavu huo ndiye mwenye jiko. Na mimi nikilipata, mdogo yeyote asije kunipikia vyungu vyake hapa. Aje kuzoa majivu tu."

"Na mimi vilevile," akasema Nyati.

Wadogo wakatazamana. Chuma chote cha kijiji kilikuwa katika ghala za Kiboko na Nyati. Wao wangeleta wavu wa nini, wa majani ya mgomba?

Palikuwa na mama mmoja, Bi Nguchiro, mjane, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Ilikuwa masika. Kila alipowasha moto nje, mvua iliuzima. Kitindamimba wake alikuwa na homa, hawezi kumeza chochote kilichopoa, na bila jiko lile hakukuwa na cha moto. Bi Nguchiro akalia kidogo. Halafu akafuta macho, akaona hasira inamfaa zaidi kuliko machozi.

Akaenda jikoni na bua la mtama. Akaingia ndani mzima mzima, chwi! Akalilaza bua juu ya ukingo kutoka upande mpaka upande, akakata kipimo. Kisha akaing'ata ncha, akaipunguza upana wa kidole. Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa akizoa majivu kila siku, na alikuwa amesikia: wavu ukiwa baridi hucheza ngwe, ngwe, ukishika moto hujitanua ukatulia. Ukiujaza mpaka ukutani, utalipasua jiko.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Kiboko. Uani, fundi Kigogota alikuwa akitoboa matundu katika bamba kubwa la chuma kwa mdomo wake. Ngo-ngo-ngo! Ngo-ngo-ngo! Kiboko amesimama, wanawe wanampepea.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini? Majivu leo hakuna."

"Nimekuja kutazama tu, bwana. Mamaa! Wavu gani huu! Umeupimia wapi?"

"Mdomoni mwa jiko. Ulitaka nipimie wapi?"

"Hapohapo! Kwani kuna pengine?" Bi Nguchiro akameza kicheko, kikamkwama kooni, akakohoa. "Wavu mkubwa kwa mtu mkubwa. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Hapana, bwana. Mimi nani hata niseme?"

"Sema, nakwambia!"

"Nimeona tu hauna kitovu."

Kigogota akaacha kugonga. Kiboko akakunja uso. "Kitovu?"

"Eeh. Wavu wa mtu wa kawaida hauna kitovu. Nimepita kwa Bwana Nyati sasa hivi, wake hauna. Nikajisemea, ah, Nyati ni Nyati tu. Ngoja niende kwa mwenyewe, nikaone wavu wenye kitovu. Mtu mwenye kitovu kama chako, bwana, na wavu wake uwe hivihivi, kama sufuria ya kijakazi?"

Kiboko akajaribu kukitazama kitovu chake. Hakukiona. Tumbo lilikuwa njiani, na kuinama hainami.

"Kwani kitovu changu," akauliza kwa sauti ya chini, "ni kikubwa?"

"Kikubwa! Kijiji kizima kinakisema."

Mnawajua watu wa namna hii. Mvike kilemba cha ukoka, atakuuliza kioo kiko wapi. Kiboko akajipiga kifua, du! du! "Kigogota! Mbona hukuniambia habari ya kitovu? Toboa kitovu katikati!"

"Ukubwa gani, bwana?" akauliza Kigogota.

"Kwa heshima ya bwana," akadakia Bi Nguchiro, akatoa bua lake, "kama hivi. Bua hili liwe upana wa duara."

Kigogota akalitazama bua, akakuna kichwa. "Lakini bwana, nikitoa tundu kubwa hivi, mkaa si..."

"Nani kakuuliza wewe? Gonga!"

Ngo-ngo-ngo-ngo! Jasho likamtoka fundi wa watu. Mwisho, kaang'! Duara zima la katikati, matundu yake yote ndani, likaanguka chini miguuni pa Kiboko.

Kiboko akalitazama kwa kinyaa. "Nani ataokota takataka hii?"

"Mimi, bwana. Kazi yetu si ndiyo hiyo?"

"Itupe! Sitaki kuiona tena!" Alisema kwa sauti kubwa, wanawe wakasikia, Kigogota akasikia, hata majirani wakasikia.

Bi Nguchiro akainama, akaliweka duara kichwani, huyoo.

Siku ya mashindano ikafika. Kijiji kizima kikajaa kulizunguka jiko, wadogo mbele, wakubwa nyuma wameinua pua juu. Bi Nguchiro kambeba kitindamimba mgongoni, anachemka homa.

Nyati akaanza. Akaleta bamba nene, zito, lisilo na tundu hata moja. "Wa kwangu haudondoshi mkaa hata punje!" akatamba. Hakupima popote, alikadiria kwa jicho, na jicho lenyewe la kiburi. Akaliachia ndani. Gwaa! Likakwama katikati ya jiko, limelala upande. Wakaweka mkaa, wakawasha.

Moshi ukatoka mweusi, mzito. Fyuuu... Moto ukafa.

"Mkaa mbichi!" akafoka Nyati. "Mmeniletea mkaa mbichi!"

"Hewa itapita wapi, bwana?" sauti ndogo ikauliza.

"Nyamaza! Hewa iko kila mahali!"

Kiboko akamsukuma Nyati kwa makalio. "Pisha, pisha. Tazama wavu wa mwenye cheo." Watumishi wanne wakalitoa bamba la Nyati, wakaleta lile bamba lake lenye kitovu. Wakaliweka. Likakalia mdomoni tu, hata kifuniko hakikufunga.

"Mnaona kitovu?" akasema Kiboko.

"Tunakiona!" wakajibu wadogo, mikono midomoni.

"Mwaga mkaa!"

Mkaa ukamwagwa. Poroooo! Wote ukapita kitovuni mpaka chini, ukaziba kimlango cha hewa.

"Mwaga tena!"

Poroooo!

"Tena! Bado haujajaa!"

Poroooo! Mtumishi akachungulia gunia, akaligeuza nje ndani. "Umeisha, bwana."

Wadogo wakaangua kicheko. Panya mmoja akabingirika chini, ameshika mbavu. Kiboko akageuka huku na huku kumtafuta aliyemcheka, lakini walikuwa wote.

Wakaliondoa bamba lake, wakazoa ule mkaa. Ndipo Bi Nguchiro akamshusha mtoto, akajitokeza na duara lake.

"Hako ndiko kawavu?" akacheka Nyati. "Ka kuchomea panzi?"

Bi Nguchiro akaingia jikoni, akaliweka duara juu ya ukingo, akaligusa kwa mguu. Ngwe, ngwe, ngwe.

"Unacheza!" wakapiga kelele wakubwa. "Wavu unacheza! Haukai!"

"Unacheza, ndiyo," akasema akitoka, masizi usoni. "Subirini."

Akapanga makaa, makubwa chini, madogo juu. Akawasha. Hewa ikavuta kutoka chini, vuuu! Moto ukashika. Ile ngwe, ngwe ikapungua, ikanyamaza. Chuma kilijitanua, na kidole kile kimoja cha nafasi kikakitosha. Jiko halikupasuka, mkaa haukudondoka. Akapanga viazi, akafunika.

Harufu! Acheni tu. Kiboko mwenyewe akameza mate, guluk!

Viazi vikaiva. Bi Nguchiro akamega cha kwanza, akapuliza, akamtia mtoto wake mdomoni. Mtoto akameza. Akafungua macho, akasema, "Mama, kingine." Mama yule akacheka na kulia pamoja, mbele ya watu, wala hakuona haya.

Hapo ndipo Kigogota, ambaye hajui kufunga mdomo, akachungulia ndani akasema, "Hee! Si kile kitovu cha Bwana Kiboko?"

"Mwizi!" Kiboko akanguruma. "Chuma changu! Mkamateni! Jiko ni langu!"

"Bwana," akasema Bi Nguchiro, "ulisema nini kipande hiki kilipoanguka?"

Kabla Kiboko hajafumbua kinywa, mwanawe mwenyewe akasema kwa furaha ya mtoto anayejua jibu: "Ulisema, baba, itupe takataka hii, sitaki kuiona tena!"

"Lakini... lakini... nilimwambia aitupe!"

"Nimeitupa," akasema Bi Nguchiro. "Nimeitupa mle ndani. Kama sasa unaitaka, iko chini kabisa. Inama uichukue."

Watu wote wakamtazama Kiboko. Kiboko akautazama mdomo wa jiko. Masikio yakatingishika. Hakuinama.

"Basi jiko ni langu, kama wewe mwenyewe ulivyotangaza," akasema Bi Nguchiro. "Na kila mtu atapika hapa, mkubwa kwa mdogo. Ila kuanzia leo, anayekula anazoa majivu yake. Kwa mkono wake."

Nyati akasimama pembeni kama mtu aliyekuja kutazama mawingu. Akavumilia mpaka jua likaanza kushuka. Halafu akatazama kushoto, akatazama kulia, akapiga magoti, akazoa. Watoto wakampigia makofi. Akala viazi na majivu puani, akasema mgongo haujavunjika. Lo, ushujaa huo!

Na Kiboko? "Mimi? Nizoe majivu? Mimi mwenye kitovu?" Akaondoka kwa hasira, akashuka mtoni, akajizamisha mpaka puani. Yuko huko mpaka leo, yeye na ukoo wake, wanakula majani mabichi, na ukimuuliza atakwambia ndiyo anayoyapenda tangu zamani. Wapi! Na majani, watoto wangu, hayaliwi bila kuinama. Mnafikiri kwa nini anangoja giza liingie ndipo atoke majini kwenda malishoni?

Haya, mdomo wangu umekauka, jipatieni funzo lenu mkalale: anayeona aibu kuinama mbele za watu, njaa itamwinamisha gizani peke yake.