Gari la Mzee Chini ya Mjohoro

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa katika mji ambao sitautaja, kwa sababu nikiutaja nusu yenu mtaacha kusikiliza na kuanza kutafuta ni nani. Wazee wetu mlioketi hapa mbele, tulieni, hakuwa wa usharika huu.

Mzee huyo alikuwa na nyumba kando ya barabara. Nyuma aliishi yeye na mkewe, mbele alikuwa na fremu tatu za biashara, na kati ya nyumba na fremu ulisimama mjohoro mkubwa. Mliokulia miji ya joto mnaujua mjohoro. Saa saba mchana, bati likialika kwa jua, mwenye kivuli ni mtu wa kuheshimiwa. Wateja huja kwake hata kama hawana cha kununua.

Aliupenda mti ule, na kwa hilo simlaumu. Miaka kadhaa nyuma aliuzungushia kibaraza cha saruji, akakiwekea vigae vyeupe ili watu wakae wakisubiri huduma. Mwashi alimshauri aache nafasi kidogo, shina lipate kupumua. Mzee akasema mti si mtu. Basi saruji ikalibana shina kiunoni, maji ya mvua yakawa yanaingia na hayana pa kutokea, na huko ndani, nyuma ya vigae vilivyopigwa deki kila Jumamosi, shina likaanza kuoza. Juu majani yalikuwa ya kijani kabisa. Mgeni angeusifu.

Chini ya mti huo alikaa mama mmoja mshonaji. Alipanga fremu ya kati, lakini ndani ya fremu hakukuwa na hewa, kwa hiyo cherehani yake na meza ya kukatia vitambaa vilikaa nje, kivulini. Chini ya meza alitandika mkeka, na juu ya mkeka alilala binti yake wa mwaka na nusu. Naomba mumwangalie huyo mtoto katika habari hii. Mzee ana watu wengi wa kumwangalia.

Alasiri moja, pasipo upepo hata wa kuzima njiti ya kiberiti, tawi nene kama paja la mtu mzima lilikatika likaanguka. Halikumgusa mtu. Liliponda ndoo ya kinyozi wa fremu ya kwanza, basi. Mshonaji akambeba mtoto, akaenda mlangoni kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Huu mti, mzee, tunaishi nao vipi?"

"Lile lilikuwa tawi kavu, mama. Mti unajipunguzia mzigo. Hiyo ndiyo afya yenyewe."

"Kwa hiyo nisihamishe meza?"

"Mama, unanijua. Pangekuwa na hatari, ningekuacha ukae pale na mtoto?"

Nawauliza, mama yule angefanya nini? Habari za miti hakuzisoma. Alichojua kusoma ni uso wa mtu, na uso aliouona ni wa mzee ambaye kila Jumapili humshikia kapu la sadaka. Akarudi. Akamlaza mtoto mkekani, akaendelea na sare za shule, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Mzee naye hakukaa bure. Aliita kikundi cha maombi. Wakauzunguka mti, wakashikana mikono, wakaomba kwa sauti mpaka jioni. Sisemi maombi yale hayakusikika. Ninachosema ni kwamba watu kumi na wanne waliuzunguka mti ule kwa saa mbili na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama shina, kwa sababu wote walikuwa wamefumba macho.

Majirani wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti wa mtaa akaja, akasema aletwe mtu anayeelewa miti auangalie mbele ya wapangaji. Mzee akakubali haraka. Alimwita fundi wa kukata miti akiwa na hakika kwamba fundi, kama mafundi wengi wanaokuja kwenye nyumba kubwa, atasema kile mwenye nyumba anachotaka kusikia.

Fundi akaja na kamba begani, panga, msumeno, na kipande cha nondo. Alianza juu, kadiri mkono ulivyofika, akigonga shina kwa mgongo wa panga. Ko, ko. Akashuka kidogo. Ko, ko. Alipofika karibu na kibaraza, mlio ukabadilika, ukawa kama wa debe tupu.

"Mzee, niruhusu nitoe kigae kimoja."

"Hivyo vigae nimeviagiza Dar."

"Kimoja tu."

Akakitoa. Akabomoa saruji kidogo nyuma yake, akaingiza nondo. Ikaingia, ikaingia, mpaka ngumi yake ikagusa gome la mti. Alipoivuta ilitoka na kitu cheusi, kibichi, kinachonuka uyoga.

"Huu unakatwa, mzee. Sisemi kupunguza matawi. Tunaanza juu kuja chini, kipande kwa kipande, tunashusha kwa kamba. Na watu watoke hapa leo."

"Wewe unatafuta kazi."

"Kazi ninazo. Jumatatu nina mikaratusi ya shule."

"Mti huu tumeuombea, kijana."

"Mimi pia naomba, mzee. Kila ninapopanda naomba. Ila kamba nafunga."

Mzee akaona fundi huyu haelekei. Akawageukia wapangaji, akatoa ile sauti ya kusoma matangazo: "Ndugu zangu, msitishwe na mtu mwenye msumeno. Mti huu ni salama. Kwani mimi siishi hapahapa?"

Fundi hakubishana. Aliomba maji, akanywa taratibu huku akitazama chini, kama watu wa kazi hiyo wanavyotazama kutafuta mahali pa kuangushia matawi. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Gari lile pale getini ni la nani?"

"Langu."

Lilikuwa getini, juani kabisa, boksi limekunjuliwa kwenye kioo cha mbele na taulo limetandazwa juu ya usukani.

"Naona hapa chini kuna matone ya oili. Na udongo umeshindiliwa na matairi, njia mbili. Lilikuwa linakaa hapa?"

"Lilikuwa."

"Limehama lini?"

"Ndege wanalichafua."

"Ndege wameanza mwaka huu?"

Mguu wa mshonaji ukasimama kwenye pedali. Hakunyanyua sauti. Alimwambia fundi, huku akimtazama mzee: "Lilihama siku ileile ya tawi. Hata tulikuwa hatujaliondoa tawi lenyewe. Mimi ndiye niliyevuta meza ili mzee apate njia ya kutoka." Kisha akamwambia mzee mwenyewe: "Mzee, sisi ndege hawatuchafui?"

Hapo, wapendwa, palikuwa na mlango wazi. Angesema tu. Watu wangenuna, wangesema maneno, kisha mti ungekatwa na kila mtu angelala usingizi. Lakini sikieni alichofanya. Alitoa funguo mfukoni, akaenda getini, akaondoa boksi, akakunja taulo, akawasha gari, akalirudisha kinyumenyume polepole mpaka chini ya mjohoro, palepale pa siku zote. Akazima. Alikusudia kushuka kwa madaha, kama mtu aliye kwake.

Upepo mdogo ukapita. Juu, mahali fulani, tawi likalia kidogo juu ya tawi.

Na mzee wetu akatoka garini mbio, mgongo umepinda, kiganja juu ya kipara, kama mtu aliyeshtukizwa na mvua. Hakusimama mpaka getini. Mlango wa gari aliuacha wazi.

Mnacheka. Hata kule kinyozi alicheka. Mshonaji hakucheka. Alimwinua mtoto, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaanza kukunja sare, moja baada ya nyingine. Alikuwa ameelewa. Ile miguu iliyokimbia ilikuwa inajua, na haikuanza kujua asubuhi ile. Ilikuwa inajua wiki zote ambazo yeye alikuwa akimlaza mtoto pale.

Mzee alisimama getini akihema. Alipopata pumzi akauliza kwa sauti ya chini:

"Fundi, utaanza lini?"

"Hata sasa. Lakini siwezi kushusha tawi juu ya gari. Litolewe kwanza."

Hebu oneni mtego huo aliojitegea. Gari ambalo hakuna aliyemwomba alipeleke pale, sasa lazima mtu aingie chini ya mti akalitoe. Hatua kama ishirini. Kinyozi, ambaye alikuwa na moyo mzuri zaidi ya kicheko chake, akanyoosha mkono: "Lete funguo, mzee, nikutolee."

Mzee aliutazama ule mkono. Mkono wa mtu mwingine, tayari kwenda mahali ambapo miguu yake mwenyewe ilikuwa imekataa kukaa. Kisha akasema, "Hapana. Wewe usiingie pale."

Hilo ndilo neno la kweli la kwanza alilolisema tangu tawi lianguke.

Akaenda mwenyewe. Alipita taratibu safari hii, na alipofika kwenye meza ya mshonaji akasimama, chini ya mti, watu wote wakimwona.

"Mama," akasema, "nilijua. Tangu siku ya tawi."

Mama alikuwa anakaza fundo la khanga kifuani. "Toa gari, mzee," akamjibu, "fundi aanze."

Akalitoa. Mti ulikatwa kwa siku mbili. Nawaona mnasubiri niseme kwamba walisameheana wakalia pamoja. Sijui kama walisameheana. Yule mama alihamishia cherehani yake mtaa wa pili, na sare alizimaliza kwa wakati. Yatosha.

Sasa tuje kwetu.

Tunapenda kusema hatukujua. Jambo likishaharibika, msiba ukishafika, ndivyo tunavyosimama nje ya geti na kuulizana: nani angejua? Tunajua. Tunajua vizuri sana, na ushahidi tumeuegesha juani. Dada fulani anapigwa nyumbani kwake, tunamwambia avumilie, amwombee mumewe, ndoa ni kuvumiliana. Lakini binti yetu akiomba kwenda kulala siku mbili katika nyumba hiyohiyo, jibu letu ni hapana, na halichukui hata dakika. Kwa nini hapana?

Niendelee? Naendelea. Kuna mwalimu wa kwaya, sema mwalimu yeyote, mahali popote, ambaye tunamwona na hatupendi anavyowashika mabinti mabega. Hatusemi. Ana kipaji, kwaya imeshinda mashindano ya jimbo, nani aanze maneno? Basi tunamtoa binti yetu kimyakimya. Tunasema ana masomo ya jioni. Na tunajisikia wazazi wema kweli, maana wa kwetu tumemwondoa. Mabinti wa wenzetu wanaendelea na mazoezi kila Alhamisi saa kumi na moja, na mama zao wametulia. Wametulia kwa nini? Kwa sababu wametutazama sisi usoni na kuona tumetulia.

Nasikia mioyo ikiuliza, mchungaji leo anamsema nani? Sina jina la mtu mfukoni. Ningekuwa nalo nisingekuja na habari za mti, ningekuja na polisi. Wenye majina ni ninyi. Mimi nauliza tu, mwaka jana uliegesha wapi, na mwaka huu umeegesha wapi, na ulipohama ulimwambia nani.

Toba ya kupiga magoti tunaijua. Tunaipenda, maana tunafumba macho, kila mtu ananong'ona lake, hakuna anayesikia la mwenzake. Mungu anaipokea, sina shaka. Lakini yule mzee alitubu akiwa wima, macho wazi, mahali palepale alipodanganyia, na hakumwambia Mungu peke yake. Alimwambia yule ambaye mtoto wake alikuwa amelala pale. Alisema neno moja, nilijua, na halikumpa sifa yoyote.

Kwa hiyo leo sitawaita mbele. Mkija mbele mtanililia mimi, na mimi sina mtoto pale chini. Baada ya baraka, mtafute yule mama ambaye binti yake bado yuko pale. Unamjua, pengine mmeketi benchi moja. Msimame pembeni, umwambie wa kwako ulimtoa lini na ulimtoa kwa nini. Atakuuliza mbona hukusema siku zote hizo. Hutakuwa na jibu zuri, na usilitafute. Mwache akasirike. Lakini uwe umeshamwambia leo, kwa sababu leo ni Jumapili, na Alhamisi si mbali.